Sura ya 6: Ukuta Utambeba?

"Sasa ataoga vipi?"

Swali hili huja siku mbili tatu kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kiharusi kimempoozesha mzee upande mmoja, au nyonga ya shosho imevunjika na kuungwa kwa vyuma, na wodi ya hospitali ya Thika Level 5 imeshamaliza kazi yake. Familia imekubaliana nani atalala naye na nani atanunua dawa. Bafu halijamjia mtu akilini mpaka binti mmoja anapouliza.

Jibu la kwanza hutoka ng'ambo. Wakenya wengi walio Uingereza hufanya kazi ya kutunza wazee, na huko wamezoea kumkalisha mtu kwenye kifaa, kubonyeza kitufe na kumwona akishuka majini taratibu. Picha inatumwa kwenye grupu ya familia: "Tunaweza kuwatumia kama hii. Inafungwa ukutani." Kila mtu anaitikia kwa furaha. Anayeishi na mzee huko Makongeni mjini Thika au Membley mjini Ruiru ndiye pekee anayekumbuka kwamba bafu lao ni chumba cha hatua mbili kwa tatu, choo kikiwa humohumo.

Kifaa cha aina hiyo kimepimwa kiwandani kabla ya kuuzwa, na uzito kinaoweza kubeba umeandikwa juu yake. Ukuta wa bafu la Makongeni haujapimwa na mtu. Sura hii, kwa hiyo, itazungumza zaidi juu ya ukuta.

## Kiinuzi cha kuogea hufanya nini?

Kifaa kinachosifiwa kwenye grupu ni kiinuzi cha hodhi, yaani mashine ya kumshusha mtu ndani ya hodhi la kuogea na kumpandisha tena. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ni kiti kinachokaa ndani ya hodhi, kikishikilia chini kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya. Ya pili ndiyo ya ukutani: boksi lenye mota hufungwa kwa bolti juu ya hodhi, na mkanda mpana hutoka humo ukavuka hadi upande wa pili. Mtu hukalia mkanda uliokazwa, huingiza miguu, kisha mkanda hulegezwa akashuka. Kutoka, mkanda hukazwa tena akapanda.

Vingi kati ya vifaa hivi hutumia betri ya volti chache, si stima ya ukutani, na betri hiyo huchajiwa nje ya bafu. Kwa nchi yenye stima ya kupotea bila taarifa, hilo ni jambo jema. Vilivyotengenezwa vizuri pia hukataa kushuka iwapo chaji iliyobaki haitoshi kumpandisha mtu tena, maana hakuna balaa kama mzee kubaki ndani ya maji yanayopoa huku jirani akitafutwa amnyanyue.

Lakini kiinuzi cha hodhi kinahitaji hodhi. Katika sensa ya 2019, eneo la mji wa Ruiru lilihesabiwa kuwa na watu 490,120, wengi kuliko Eldoret na wengi kuliko Kisumu, na idadi hiyo inaishi kwa sehemu kubwa katika ploti na ghorofa za kupangisha. Bafu la kawaida humo ni sakafu ya vigae, shawa juu, na ndoo yenye jagi pembeni kwa siku ambazo mfereji haujatoa kitu. Kulitia hodhi katika chumba hicho ni kuongeza ukuta wa nusu mita ambao mgonjwa atalazimika kuuruka kila asubuhi. Mtu asiye na hodhi asilinunue kwa ajili ya mashine.

Anachohitaji ni kiti cha kukunja kilichofungwa ukutani, pamoja na vyuma viwili vitatu vya kushikilia. Kwa mwenye hodhi na asiye nalo, kazi ya fundi ni ileile: kuufanya ukuta ubebe mtu aliyelowa.

Na si kazi ya kufanyiwa mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa hivyo ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Kwa ufupi: penye hodhi, kiinuzi kinaweza kufaa. Pasipo hodhi, kiti cha kukunja na vyuma vya kushikilia vinatosha.

## Hesabu ambayo fundi hakuambii

"Mama, skrubu nne zinatosha, hii itashika," fundi husema, na huenda anaamini. Ametundika televisheni nyingi kwa skrubu nne. Ila televisheni haikai kitako.

Tuseme mtu wa kilo 80 amekalia kiti cha kukunja. Uzito wake unaangukia kama sentimita 25 kutoka ukutani. Kiti kimeshikwa kwa bolti mbili juu na mbili chini, zikiachana kwa sentimita 10. Zidisha 80 kwa 25, gawanya kwa 10: unapata kilo 200. Hiyo ndiyo nguvu inayozivuta bolti mbili za juu zitoke ukutani, kila moja ikivutwa kwa kilo 100, kama nyundo inavyong'oa msumari. Na huyo amekaa polepole. Mtu aliyelegea magoti hujibwaga, na kujibwaga kunaweza kuifanya nguvu hiyo iwe maradufu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha dawa yake. Kiti chenye bamba refu la mgongoni, bolti za juu na za chini zikiachana kwa sentimita 25, hushusha ile 200 hadi 80. Kiti chenye miguu miwili ya mbele inayofika sakafuni huuondolea ukuta sehemu kubwa zaidi ya mzigo. Ukiwa dukani na viti viwili mbele yako, kimoja chembamba cha kupendeza na kingine chenye miguu mibaya mibaya, chukua chenye miguu.

Chuma cha kushikilia nacho kina kipimo chake. Viwango vya ujenzi vinavyofuata sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu watu wenye ulemavu vinataka chuma hicho kihimili nguvu sawa na uzito wa kilo 113 hivi, kiwe na unene wa milimita 32 hadi 51, na kiachane na ukuta kwa milimita 38. Nafasi hiyo inatosha vidole kupita, lakini ni finyu kwa mkono mzima kuteleza ukanasa nyuma yake. Inafaa kujua kwamba bomba la maji la inchi moja, lile la mabati, lina unene wa nje wa karibu milimita 33. Mtu wa kuchomelea vyuma anaweza kulitumia kutengeneza chuma kizuri cha kushikilia, mradi alikwangue zinki mahali pa kuchomelea na afanyie kazi nje kwenye hewa. Moshi wa zinki huleta homa, na yale maziwa ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi hayauondoi. Baada ya hapo chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye maungio.

Kining'inizio cha taulo hakimo katika hesabu hii. Kimeshikwa na skrubu mbili ndogo, na ndicho mtu anayeteleza hukidaka kwanza. Ama king'olewe, ama mahali pake pawekwe chuma cha kweli. Vishikio vya kunyonya ukuta kwa mpira navyo vinasaidia kumwongoza mtu anayesimama mwenyewe, lakini visitegemewe kubeba uzito wa mwili.

## Nyuma ya kigae kuna nini?

Nyumba nyingi kati ya Ruiru na Thika zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, yanayokatwa kwa mashine katika machimbo ya upande wa Juja. Ni jiwe lililotokana na volkano, gumu kiasi cha kubeba ghorofa na laini kiasi cha kukatika kwa msumeno. Ulaini huo una gharama yake: drili ikiwekwa kwenye mpigo wa nyundo, tundu humomonyoka likawa pana kuliko bolti, na bolti huzunguka tu bila kukaza.

Kabla ya jiwe kuna tabaka nyingine. Kigae, au tailsi kama wengi wanavyoita, kina unene wa milimita 8 hivi. Gundi yake ni 5. Plasta ni 15. Jumla ni milimita 28 ambazo hazibebi kitu. Skrubu ya milimita 50 inayoonekana ndefu mkononi mwa fundi inaingia ndani ya jiwe milimita 22 tu. Kwa kiti cha kukaliwa, bolti iingie kwenye jiwe lenyewe angalau milimita 60 hadi 80, kwa hiyo urefu wake uwe sentimita 10 au zaidi.

Ghorofa za juu mara nyingi zina kuta za ndani za matofali ya simiti yenye uwazi katikati, ili jengo lisiwe zito. Huko bolti ya kupanuka, ile inayotanuka ndani ya tundu inapokazwa, haina cha kukandamiza. Inatanuka hewani.

Ukuta unaweza kutambuliwa bila kuubomoa:

- Gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito huashiria ukuta mzima. Sauti ya ngoma inaweza kuwa uwazi wa tofali, au kigae ambacho gundi yake haikuenea.
- Toboa tundu jembamba la majaribio mahali patakapofunikwa na bamba la kifaa, na tazama vumbi. Rangi hubadilika kutoka kigae kwenda plasta, kisha jiwe.
- Drili ikizama ghafla, umeingia kwenye uwazi. Vumbi likigeuka kuwa mchanga mlaini usio na ukinzani, umeangukia kwenye kiungo cha simiti kati ya mawe. Sogea sentimita kadhaa.
- Drili ikigoma kabisa na kulia, huenda ni chuma ndani ya nguzo ya zege. Usilazimishe.

Kwa tofali lenye uwazi, njia inayoaminika ni bolti ya kupenya ukuta mzima, ikikazwa upande wa pili juu ya bamba la chuma la ukubwa wa kiganja au zaidi. Bamba litaonekana chumbani au koridoni. Waliotaka bafu la kupendeza watalilalamikia, na walalamike. Kwa jiwe la Ndarugo, gundi ya kemikali ya kushikisha vyuma, inayoingizwa ndani ya tundu kabla ya ufito wenye nyuzi, hushika vizuri kuliko bolti ya kupanuka kwa sababu hailipasui jiwe. Ina sharti moja ambalo mafundi wenye haraka hulikwepa: vumbi lote litolewe kwa brashi na kwa kupuliza, mara kadhaa, la sivyo gundi hushika vumbi badala ya jiwe.

## Siku ya kutoboa

Kigae hupasuka kwa haraka ya sekunde mbili. Bandika utepe wa karatasi juu ya alama ili ncha isiteleze, tumia ncha ya kutobolea vigae, zungusha polepole bila mpigo, na nyunyiza maji kidogo ya kupoza, isipokuwa kwa drili ya waya, ambayo haipaswi kuguswa na maji. Baada ya kigae kupita, badilisha ncha uingie kwenye jiwe.

Kabla ya yote hayo kuna vitu viwili vilivyofichwa ukutani vya kukwepwa. Cha kwanza ni mabomba ya maji, ambayo kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye mfereji hadi kwenye shawa. Funga valvu kuu kabla ya kuanza.

Cha pili kinaua. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, na mabafu mengi ya Thika na Ruiru yana shawa ya kupasha maji papo hapo, ambayo ndani yake maji hupita juu ya koili yenye stima. Waya wake umezikwa ukutani, aghalabu ukishuka au kukata moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa swichi hiyo kwa mstari ulionyooka. Bolti inayoukwaruza waya inaweza kukaa kimya miezi mitatu, kisha siku moja chuma ambacho mzee amekishika kwa mkono uliolowa kikawa na stima.

Kwa hiyo mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na umwombe aangalie mambo mawili. Kwanza, waya wa ardhi wa shawa uwepo na uwe umeunganishwa kweli. Waya huu huipa stima iliyovuja njia ya kwenda ardhini badala ya kupitia mwilini. Pili, kwenye boksi la stima kuwe na swichi ya kinga ya miliampia 30, inayohisi stima ikivuja na kuikata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ina kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyeze, isipokata, haifanyi kazi.

Mwisho wa kutoboa, mdomo wa kila tundu upakwe silikoni kabla ya bamba kukazwa. Kwenye ghorofa, maji yanayopita tunduni hujitokeza kwenye dari ya jirani wa chini, na hapo ugomvi hauhusu mgonjwa tena.

## Kiti na vyuma vikae wapi?

Hapa fundi hana jibu. Mwenye jibu ni mtaalamu wa tiba ya shughuli, yaani yule anayemfundisha mgonjwa tena kuvaa, kula na kuoga. Wapo katika hospitali kubwa za umma kama Thika Level 5, na wengi wa wagonjwa huondoka bila kuwauliza chochote kuhusu bafu. Mpelekee picha za bafu na vipimo vyake: upana wa mlango, urefu wa choo, mahali mfereji ulipo.

Aliyepooza upande wa kushoto anahitaji chuma mkono wa kulia. Akigeuka kutoka, mkono wa kulia sasa uko upande wa pili wa chumba, kwa hiyo anahitaji chuma cha pili huko. Familia nyingi huweka kimoja na kudhani kazi imekwisha.

Viwango vya Marekani huweka chuma cha mlalo kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, na kiti kati ya 43 na 48. Chukua namba hizo kama mahali pa kuanzia, kisha mpime mwenyewe. Shosho mfupi akikalia kiti cha sentimita 48 miguu itaning'inia, na anayening'inia huteleza mbele. Nyayo zote mbili ziguse sakafu.

Mlango nao usisahaulike. Mlango unaofungukia ndani huzuiwa na mwili wa aliyeanguka. Ubadilishwe ufungukie nje, au uwe na kitasa kinachofunguka kutoka nje. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa mbao.

## Nyumba ikiwa ya kupanga

"Kutoboa tailsi? Hapana, mama. Ongea na landilodi." Keateka hana makosa, deni la kigae kilichopasuka litamwangukia yeye.

Ongea na landilodi kabla, kwa maandishi, ukiahidi kuziba matundu na kubadilisha vigae siku ya kuhama. Onyesha mchoro wa matundu. Mengi ya mazungumzo haya huenda vizuri mwenye nyumba akijua ni matundu manne, si kubomoa bafu. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na mpya ya 2025, ndiyo iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyepimwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza hilo anaweza kuomba msaada wa vifaa. Foleni ipo, ila kujiandikisha mapema hakugharimu kama kungoja.

Landilodi akikataa kabisa, kuna kiti cha kuogea cha kusimama chenye miguu ya mpira na mikono pembeni. Thika ni mji uliozoea vifaa vya namna hii. Shule ya Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, iko humo. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK, hutengeneza viti vya magurudumu na vifaa vingine vya kutembelea. Kiti cha plastiki cha sherehe, ambacho ndicho hutumika majumbani, miguu yake hutanuka kwenye vigae vilivyolowa. Kisitumike.

## Mifuko miwili ya simiti

Mzee asiwe wa kwanza kukalia kiti. Gundi ya kemikali na silikoni ziachwe zikauke kwa muda ulioandikwa kwenye paketi, mara nyingi siku nzima. Kisha weka juu ya kiti mifuko miwili ya simiti ya kilo 50, ukiifunika kwa karatasi ya plastiki, na uiache usiku kucha. Kabla ya kuweka, chora kwa penseli mstari mwembamba ukutani kuzunguka ukingo wa bamba. Asubuhi tazama mstari: bamba likiwa limeuacha hata kwa milimita moja, kazi irudiwe. Chuma cha kushikilia kijaribiwe na kijana mzito wa familia, akivuta kwa mikono miwili na kuegemea nyuma, huku mwingine akiwa amesimama nyuma yake.

Kanuni za Uingereza za 1998 zinataka mashine za kunyanyulia watu kazini zikaguliwe kila miezi 6. Hakuna atakayekuja mtaa wa Ngoingwa kumkagulia mtu kiti chake cha bafu, lakini muda huo unaweza kuazimwa. Kila baada ya miezi 6, jaribu kila bolti kwa spana, bonyeza kitufe cha swichi ya kinga, tazama mipira ya miguu ya kiti, na pitisha kidole kwenye silikoni. Mstari wa kahawia unaotiririka chini ya bolti ni kutu, na maana yake maji yameingia tunduni. Bolti hiyo itolewe, tundu likaushwe, na ya chuma kisichoshika kutu iwekwe mahali pake. Hadi hapo, mgonjwa aogee kwenye kiti cha kusimama.